Zama za Kati Zisizo na Hati: Yanonge na Shahada ya Taaluma Mseto

Utangulizi

Katika vyuo vikuu kadhaa vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kujiandikisha kusoma utamaduni wa zama za kati, yaani ile miaka elfu moja hivi iliyo baina ya mwaka 500 na mwaka 1500. Hajiandikishi katika historia peke yake, wala katika fasihi peke yake. Hujifunza Kilatini, usomaji wa hati za kale, sanaa, dini, sheria na akiolojia, na mwishowe hutakiwa kuyatumia yote katika kujibu swali moja. Taasisi za utafiti zilizoyafungulia njia masomo haya zina umri wa kutosha: ile ya Toronto, Kanada, ilianza mwaka 1929, na kituo cha Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kilianzishwa mwaka 1968.

Kilichozikutanisha taaluma hizo ni uhaba. Hati zilizosalia kutoka karne hizo ni chache, na nyingi ziliandikwa na watu wa dini kwa haja zao wenyewe. Mkulima hakuandika. Anayetaka kumjua mkulima huyo hulazimika kuuliza mfupa, mbegu, jina la shamba, jiwe la kisima na wimbo uliorithiwa. Kwa hiyo taaluma mseto ilizaliwa na upungufu wa vithibitisho, jambo ambalo watungaji wa mitaala husahau wanapoipamba kama kwamba ni fasheni.

Makala hii inauliza kama masomo ya namna hiyo yanawezekana mahali pasipokuwa na hati hata moja ya karne zinazohusika. Mahali tulipopachagua ni Yanonge, mji mdogo wa biashara ulioko ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, katika eneo la utawala la Isangi, mkoa wa Tshopo. Kutoka Kisangani ni mwendo wa kilomita zipatazo 60 ukiteremka na mto. Maandishi ya mapema yanayojulikana kuhusu sehemu hiyo ya mto ni ya H. M. Stanley, aliyepita hapo na mitumbwi yake mwanzoni mwa mwaka 1877. Kiswahili chenyewe kilifika na misafara ya akina Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, katika robo ya mwisho ya karne hiyo hiyo. Kabla ya hapo hatuna karatasi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayezoea kuanzia kwenye tenzi na miswada ya Lamu na Pate hujikuta hapa mikono mitupu.

Mwanafunzi wa Leuven kwa Wakuba

Si kweli, hata hivyo, kwamba elimu ya zama za kati ni ngeni nchini Kongo. Jan Vansina, mmoja wa wanahistoria waliobadilisha kabisa uandishi wa historia ya Afrika, alizaliwa Ubelgiji mwaka 1929 na alisomea historia ya zama za kati za Ulaya katika Chuo Kikuu cha Leuven. Mwaka 1952 aliajiriwa na taasisi ya utafiti ya Kongo ya Kibelgiji na kupelekwa Kasai, kwa Wakuba. Kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, alipowasikiliza wazee wa huko alitambua kwamba masimulizi yao yangeweza kupimwa kwa kanuni zilezile alizofunzwa kuzitumia kwa maombolezo ya Kilatini: nani amesema, amesikia kwa nani, kwa faida ya nani, na maneno yamebadilika wapi. Kitabu chake kuhusu mapokeo simulizi kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1961. Njia ya kuisoma Afrika isiyo na hati, basi, ilichipuka kwa sehemu fulani katika darasa la hati za Ulaya.

Mwaka 1990 Vansina alichapisha kitabu kikubwa kuhusu historia ya watu wa misitu ya Afrika ya Ikweta. Humo alitegemea zaidi isimu linganishi: maneno ya lugha nyingi za msituni aliyalinganisha, akayarudisha kwenye mizizi yao, kisha akauliza kila neno lilikuwa na maana gani na lilihama vipi. Mfano mmoja utawafaa wasomaji wa Kongo. Neno nganda katika Kilingala cha mtoni ni kambi ya wavuvi. Katika Kilingala cha mjini ni mahali pa kunywea bia. Wanaisimu hulihusisha na mzizi wa kale wa Kibantu, -gàndá, uliohusu nyumba au makazi ya watu wanaoishi pamoja. Baa ni maana ya juzi. Kambi ni ya zamani zaidi. Makazi ni ya zamani kupita zote. Tunapata mfuatano. Lakini neno halisemi kambi ilianza mwaka gani, na hapo ndipo mwanaisimu anapohitaji jirani.

Kuanzia sokoni

Mwalimu atakayefundisha zama za kati kwa wanafunzi wa Kisangani asianzie Roma. Aanzie katika soko la Yanonge, ambako watu wa majini, hasa Walokele, hukutana na watu wa bara, na samaki hubadilishana na mazao ya shamba. Awape wanafunzi kazi ya kuondoa sokoni, kwa mawazo, kila kitu kisichoweza kuwapo mwaka 1400.

Muhogo unaondoka, na kwanga na sombe vinaondoka nao. Mahindi, karanga, pilipili, nyanya, tumbaku, nanasi na papai vinafuata, kwa kuwa asili ya vyote hivi ni Amerika na havikuvuka bahari kabla ya safari ya Kolumbo ya mwaka 1492. Mchele nao unaondoka, maana kilimo cha mpunga katika eneo hili huhusishwa na kuja kwa Wangwana katika karne ya 19. Mwanafunzi anayedhani kwamba chakula cha babu ni kile alichopikiwa na bibi yake hushtuka kidogo, na mshtuko huo ni wa manufaa.

Sasa tuangalie kinachobaki. Samaki wabichi na wa kukaushwa kwa moshi. Mawese. Viazi vikuu. Viwavi katika msimu wao, safu, majani ya porini, chumvi ya majivu ya mimea. Na ndizi za kupika. Hizi ndizi ni fumbo zuri kuliko yote. Mgomba si mmea wa Afrika. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya huko. Hata hivyo, aina nyingi kuliko mahali pengine popote za ndizi kubwa za kupika, jamaa ya ile ambayo pwani huitwa mkono wa tembo, zinapatikana katika bonde la Kongo, na watafiti wa Yangambi na wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamezikusanya na kuzipanda kwa makumi. Mmea huu hauoti kwa mbegu bali kwa machipukizi, na aina mpya hutokea pale mkulima anapoona chipukizi lenye tofauti na kuamua kulitunza. Wingi huo wa aina unahitaji vizazi vingi vya macho makini. Ndizi zilikuwapo, basi, muda mrefu kabla ya mwaka 1500. Huko Nkang, Kamerun, watafiti walipata chembe za silika za majani ya mgomba walizozikadiria kuwa za karne ya 5 kabla ya Kristo, ingawa wenzao wengine wameutilia shaka utambuzi huo. Kama ndizi zilipita pwani ya Waswahili, au zilitangulia kuwapo kwa Waswahili wenyewe, ni swali ambalo mwanabotania, mwanaisimu na mwanaakiolojia wanalibishania bado. Zoezi la soko halihitaji maabara wala kitabu, na limekwisha kumpeleka mwanafunzi katika taaluma tatu kabla ya saa sita mchana.

Saa zisizokubaliana

Ugumu wa kweli unaanza hapa. Kila taaluma ina saa yake, na saa hizo hazikwendi pamoja.

Tuchukue kwanza ngoma ya Walokele, ule mgogo uliochimbwa ambao wasemao Kilingala huuita lokole. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani, aliueleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1949. Kilokele ni lugha ya toni, na mgogo una sauti mbili, ya juu na ya chini. Maneno songe (mwezi) na koko (kuku) yote yana toni mbili za juu. Yakipigwa peke yake hayatofautiki. Kwa hiyo mpigaji haongei neno tupu, bali hulirefusha kwa kifungu kilichozoeleka: mwezi huelezwa kwa kuitazama dunia kutoka juu, kuku kwa udogo wake na mlio wake. Vifungu hivi ni fasihi simulizi iliyokazwa kama kamba. Vinarithiwa vizima, na kwa sababu hiyo huhifadhi maneno ambayo mazungumzo ya kila siku yamekwisha kuyaacha. Mwanafunzi wa fasihi atavifurahia kama vile mwenzake wa Ulaya anavyofurahia sifa za kurudiwarudiwa katika tenzi za kale. Lakini ngoma haina saa kabisa. Neno lililosahauliwa linaweza kuwa na umri wa miaka 80 au 800.

Isimu historia ina saa yenye mshale mmoja: inatuambia kipi kilitangulia, haituambii lini. Hata majina ya vijiji hutoa ushahidi wa namna hii. Yanonge, Yangambi, Yakusu, Yatolema, Yaekela: kiambishi ya- kimetapakaa pande zote mbili za mto, na ramani ya mahali kinapoanza na kinapokoma ni kazi inayoweza kufanywa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye kalamu ya rangi.

Miti nayo ina saa. Katika misitu ya Yangambi na Kisangani kuna mti wa afrormosia, unaothaminiwa sana na wafanyabiashara wa mbao. Miche yake inahitaji mwanga mwingi na haistawi katika kivuli kizito. Miti mikubwa inapoonekana imesimama makundi makundi na chini yake hakuna watoto, wanaikolojia hujiuliza kama mahali hapo palipata kufyekwa zamani. Huenda msitu tunaouita wa asili ni shamba lililoachwa. Saa ya miti, hata hivyo, inarudi nyuma karne chache tu.

Yabaki makaa na vigae. Kuanzia mwaka 1977 Manfred Eggert, mwanaakiolojia Mjerumani, alifanya uchunguzi katika bonde la ndani la Kongo kwa kusafiri kwa mashua na kuchimba katika vijiji vya kando ya mito, kwa kuwa ndani ya msitu hakupitiki wala hakuonekani kitu. Vigae vya vyungu hutokeza kingo zinapobomoka, na makaa yaliyozikwa navyo hupimwa kwa kaboni 14. Saa hii inatoa miaka. Lakini ni bubu: kigae hakisemi mfinyanzi aliongea lugha gani wala alijiitaje. Mifupa, ambayo ingesaidia, kwa kawaida huliwa na udongo wa msitu wenye asidi.

Hapa tofauti na pwani ni kubwa. Kilwa ina habari zake zilizoandikwa, ina sarafu, ina msikiti, na ina ushuhuda wa Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331. Mwaka 2023 iliongezewa uchunguzi wa DNA uliotolewa katika makaburi ya miji ya kale ya pwani. Hata Katanga, katika bonde la Upemba, makaburi ya Sanga na Katoto yaliyochimbwa tangu miaka ya 1950 yamehifadhi mifupa, vyungu na shaba. Yanonge haina hata kimoja cha hivyo. Kwa maoni yetu hii ndiyo sababu ya kuichagua.

Karne zilizonyamaza

Kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba wasemaji wa lugha za Kibantu waliingia msituni kabla ya Kristo, wakakaa, na kwamba wakazi wa leo ni wajukuu wao waliofuatana bila kukatika. Mwaka 2021 Dirk Seidensticker, Wannes Hubau, Koen Bostoen na wenzao walichapisha uchambuzi wa vipimo 1,149 vya kaboni 14 vinavyohusiana na mitindo 115 ya ufinyanzi kutoka mahali 726 katika misitu ya Kongo na kandokando yake. Walichokiona ni vilima viwili na bonde katikati. Shughuli za watu zilikuwa nyingi tangu kama mwaka 800 kabla ya Kristo hadi mwaka 400 baada yake. Kati ya mwaka 400 na 600 zikaporomoka karibu kila mahali. Zikainuka tena kwa nguvu kuanzia mwaka 1000 hivi.

Yaani zama za kati za msituni zinaanza na ukimya. Waandishi hao walitaja maradhi ya muda mrefu kuwa sababu inayowezekana, na msomaji hukumbuka mara moja tauni iliyoikumba Konstantinopoli mwaka 542. Ni nadharia tete tu. Kaboni hupima makaa, haipimi homa. Lakini uzito wake kwa mwanaisimu ni mkubwa. Ikiwa watu walipungua mno, kisha wengine wakaja au wachache waliosalia wakatapakaa upya, basi mti wa nasaba ya lugha za leo unaweza kuwa unasimulia ujio wa pili, na ujio wa kwanza umefutika. Tarehe ambazo wanaisimu walizipata kwa kukopa vigae vya kale kabisa, na majina ya Kibantu ambayo wanaakiolojia walivipa vigae hivyo kwa kukopa kwa wanaisimu, yalikuwa yakishikiliana kama walevi wawili njiani: kila mmoja anamtegemea mwenzake asianguke.

Kosa hili ndilo hatari kuu ya taaluma mseto. Mtu huwa mkali katika fani yake na mwepesi wa kuamini katika fani ya jirani. Shahada inayostahili jina hilo haina budi kumfundisha mwanafunzi kiasi cha kutosha cha kila fani ili aweze kuuliza: jambo hili umelijuaje, na je, hukulichukua kwangu?

Nani alitangulia

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mabishano ya wasomi. Sivyo. Februari 2023 mapigano yalizuka kati ya Wambole na Walengola kwa sababu ya ardhi katika tarafa ya Lubunga, upande uleule wa kushoto wa mto ambako Yanonge iko. Watu wengi walikufa na maelfu wakakimbilia ng'ambo, mjini Kisangani. Chanzo chake kina mambo ya leo, si ya karne ya 10. Lakini katika migogoro ya namna hii hoja ya nani alifika kwanza haikosi, na anayeitoa hutafuta mwanahistoria wa kumtilia muhuri.

Mhitimu wa shahada tunayoiwazia atapaswa kuwa na ujasiri wa kutotia muhuri. Atajua kwamba kigae cha mwaka 300 hakina kabila. Atajua kwamba majina ya makabila yaliyoandikwa katika faili za serikali ya kikoloni hayawezi kusukumwa nyuma miaka elfu. Katika Tshopo ya leo, kusema “ushahidi huu haufiki hapo” mbele ya watu wenye hasira ni kazi ya kitaaluma, tena yenye gharama.

Mtaala

Kuna kikwazo cha kihistoria. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, na vitivo vikagawanywa baina ya miji: fasihi na sayansi za jamii zikaenda Lubumbashi, Kisangani ikabaki hasa na elimu na sayansi. Chuo Kikuu cha Kisangani kilirudishiwa uhuru wake mwaka 1981. Kwa miaka hiyo 10 mwanabotania aliishi kando ya msitu, na mwanaisimu ambaye angemfaa alikuwa mbali, ng'ambo ya nchi. Mazoea ya kutojuana hayaishi kwa amri ya wizara.

Mfumo wa lisansi ya miaka mitatu na krediti 180, ambao ulienezwa katika vyuo vya Kongo tangu mwaka wa masomo 2021–2022, unatoa nafasi. Sisi tungependa mwaka wa kwanza uwe wa zana tupu: toni na isimu linganishi badala ya Kilatini, utambuzi wa vigae badala ya usomaji wa hati, miti na mazao, ukusanyaji wa fasihi simulizi. Nadharia isubiri. Kiswahili kiwe na nafasi yake ya pekee, lakini kwa unyenyekevu: katika Yanonge ni shahidi wa karne ya 19, na kazi ya mwanafunzi wake ni kulibandua tabaka hilo la juu bila kuharibu lililo chini. Anayejua kwamba neno fulani la Kilokele lilitoka kwa Wangwana ameliondoa katika hesabu ya zama za kati, na kuondoa ni nusu ya kazi. Mpigaji ngoma mzee, akipatikana, aitwe mwalimu na alipwe kama mwalimu.

Mtihani wa mwisho tungeupanga hivi. Kupima kipande kimoja cha makaa hugharimu dola mia kadhaa, na sampuli hupelekwa maabara za nje ya nchi. Darasa zima, basi, lipewe fedha za kipimo kimoja. Wanafunzi waende Yanonge, wachore ukingo unaobomoka, waokote, wasikilize, wahoji, kisha wakubaliane ni kipande kipi kitakachotumwa. Kabla hakijatumwa, kila mmoja aandike kwa mkono wake mwaka anaoutarajia, ushahidi wa kila fani iliyomfikisha hapo, na matokeo gani yatamfanya akiri kwamba amekosea. Karatasi zitiwe katika bahasha moja, zifungwe, na zikabidhiwe kwa katibu wa idara. Bahasha hiyo na barua ya maabara zifunguliwe siku moja, mezani, wote wakiwapo.